Mgongo wa Karani

Kwa miaka yote niliyomjua, isipokuwa mara moja, Karani hakuwahi kunipigia gitaa akiwa amenielekezea uso. Alikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo mrefu. Alikigeuza kikatazama ukuta wa ndani, akakaa, akaniacha mimi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Kwa hiyo ninachokumbuka zaidi si uso wake. Ni kisogo chenye mvi zilizokatwa karibu na ngozi, kola ya shati iliyogeuzwa baada ya upande wa kwanza kuchakaa, na mabega ambayo hayakutulia hata wimbo ukiwa wa polepole.

Jina lake nilikuwa nalijua. Mtaa mzima wa Jericho walikuwa wanalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwenye reli tangu kabla mama yangu hajaolewa, na hata baada ya kustaafu cheo kilibaki naye kama koti. Kwao ni magharibi, kama kwetu, na habari za ukoo wake ninazijua hadi hapo tu. Ukimuuliza zaidi, naye alikuuliza: "Nani amekutuma?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Ukibisha hodi, "Nani amekutuma?" Ukimletea salamu za mchungaji, "Nani amekutuma?" na wakati umeshasema ni mchungaji. Siku moja mama yangu alinipa bakuli la mboga za saga nimpelekee, na Karani akalipokea, akalinusa, akaniambia nionje kwanza. Nikaonja. Akasubiri kidogo, akiniangalia kama daktari, kisha ndipo akasema ahsante.

Mimi si mtu wa kumcheka. Mtu akinisifia wimbo, najiuliza anataka nini. Nikitunga kitu kizuri asubuhi, kufikia mchana nimeshaamini kwamba nimekiokota mahali, kwenye redio ya jirani au kanisani nikiwa mdogo, na kwamba siku nitakayokiimba mbele za watu atasimama mzee mmoja nyuma na kuninyooshea kidole. Nimejifunza gitaa peke yangu, kwa video za kwenye simu, na mtu aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia kama anakosea. Karani alinifaa kwa sababu, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekutana na mtu mwenye shaka kuliko mimi.

*

Kabla ya kuingia kwake kulikuwa na sheria moja: simu ilibaki nje. Hakutaka kurekodiwa. Nje ya mlango wake, chini ya bati lililotoka kidogo kwenye ukuta, alikaa Mama Sophy, muuza mandazi. Kila mtu aliyeingia kwa Karani alimwachia Mama Sophy simu. Naye aliiweka ndani ya ndoo ya mandazi, chini ya kitambaa, mahali ambapo hakuna mwizi angefikiria. Simu yangu ilirudi kila mara ikiwa na mafuta.

"Kuna mtu amekupigia," aliniambia siku moja akinirudishia. "Nimemwambia uko kortini."

"Kortini?"

"Si ndiyo huku? Ukiingia unaulizwa maswali, ukitoka huna raha."

Mama Sophy hakumwogopa Karani hata kidogo. Ndiye pekee aliyeweza kupaza sauti kutoka nje na kumwambia, "Karani, huo wimbo umerudia, weka mwingine!" Naye Karani aliweka mwingine. Pazia la mlangoni lilifungwa fundo siku zote, na mlango haukufungwa nikiwa ndani, na nadhani hiyo pia ilikuwa sheria, ila si yake. Ilikuwa ya mama yangu na Mama Sophy, waliyokubaliana bila kuniambia.

Sababu ya kugeuka ukutani alinieleza mwanzoni kabisa, ili nisijione nimetukanwa. "Ukimwonyesha mtu vidole vyako, umempa," alisema. Kisha akanisimulia habari ya rafiki. Zamani, vijana wa reli walikuwa wakikutana kwenye ukumbi wa mtaa jioni za Jumamosi, yeye akipiga gitaa, wengine wakigonga chupa za soda kwa misumari. Rafiki yake mmoja alikuwa akikaa mbele kabisa, bila kucheza, bila kunywa, macho kwenye vidole tu. Baada ya muda Karani akasikia wimbo wake redioni, umepigwa na rafiki yule, jina la rafiki yule, na mwanamke ndani ya wimbo amebadilishwa jina.

Habari hii nilisimuliwa mara nyingi. Mara ya kwanza rafiki alikuwa dereva wa treni. Baadaye akawa binamu yake. Kuna siku alikuwa askari. Nilipomkumbusha kwamba alisema dereva, aliniuliza kwa nini nahifadhi maneno yake. Nikaanza kushuku kwamba hapakuwa na rafiki. Lakini kama hapakuwa na rafiki, kilichomgeuza ukutani kilikuwa nini?

*

Lazima nieleze chumba, kwa sababu kila kitu kilitokana na chumba.

Nyumba za kaunsili, zile za serikali ya jiji, si kubwa. Kwa Karani kulikuwa na kitanda nyuma ya shuka, meza, redio, kile kiti cha mgongo mrefu, na kabati la vyombo lililoegemea ukuta wa ndani. Kabati lilikuwa la marehemu mkewe. Lilikuwa na milango ya kioo, na ndani yake vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo sikuwahi kuona mtu akivinywea, kila kimoja juu ya kitambaa cha kufuma. Karani alipogeuza kiti chake, alilitazama kabati hilo. Nami nikiwa mlangoni, mwanga wa nje ukipita begani mwangu na kumwangukia yeye, nilimwona kwenye kile kioo.

Sikumwona vizuri. Uso ulikatwa na rafu na kifua kilijaa vikombe. Lakini mikono ilikuja wazi, mmoja kwenye shingo ya gitaa, mwingine kwenye nyuzi, jinsi ninavyowaona wapigaji kwenye video, wakiwa mbele yangu. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki miaka mingi nikivitazama vikombe. Nikirudi nyumbani nilifunga mlango na kujaribu nilichokiona kabla hakijapoa.

Niliona kwamba dole gumba lake ndilo lililokuwa likitembea. Wapigaji wa kwenye video dole gumba lao lilikuwa likigonga palepale, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetwanga, na vidole vingine ndivyo vilivyoimba. Kwa Karani ilikuwa kinyume. Vidole vilirudia kitu kimoja bila kuchoka, na dole gumba likawa linasimulia hadithi kwenye nyuzi za juu, zile zilizo karibu na kidevu. Kwenye gitaa langu hizo ni nyuzi nene. Nikazipiga hivyo. Wimbo ukashuka chini, ukatoka kwa sauti nzito kama ya mtu anayezungumza na nafsi yake, na juu yake nyuzi nyembamba zikawa zinanong'ona jambo lilelile.

Haukufanana na wake, na hilo lilinisumbua. Wimbo wake ulitoka juu, mwepesi, karibu uchekeshe. Macho yalikuwa yakiniambia dole gumba, masikio yakiniambia kitu kingine. Nikaamua kwamba kuna siri, na siri yenyewe nilidhani nimeijua.

Alikuwa na mazoea ya kulegeza nyuzi. Akimaliza kupiga, kabla ya kulitundika gitaa, alizungusha vishikizo vyote hadi nyuzi zikalala kama kamba za kuanikia nguo. Hata nilipomwomba nilishike kidogo, alizilegeza kwanza, kisha ndipo akanipa, na nilichobaki nacho mkononi kilikuwa sanduku la mbao lisilosema kitu. Nikaelewa: alifunga nyuzi kwa namna yake, namna ambayo hakutaka mtu aijue, na ndiyo iliyoupandisha wimbo juu. Kuzilegeza kulikuwa kufuta nyayo.

Nililichunguza lile sanduku kila niliposhikishwa. Kulikuwa na kitu kingine kisichoeleweka. Kile kipande cheusi cha plastiki kinachobandikwa chini ya tundu ili mkono usikwaruze mbao kilikuwa kinang'aa kama kipya. Lakini upande wa juu wa tundu, mahali ambapo mkono wangu hauna kazi kabisa, rangi ilikuwa imeliwa hadi mbao nyeupe ikaonekana. Nikahitimisha kwamba alikuwa amelinunua kwa mtu mwingine, pengine kwa njia isiyofaa. Sikuuliza.

*

Nisiandike kana kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkono wa kutoa. Mandazi ya Mama Sophy yaliyobaki jioni aliyanunua yeye, akasema ni ya panya. Lakini panya wa Jericho wangekuwa wanene sana, na watoto wa mstari wetu walijua pa kupita wakitoka shule. Aliwaandikia watu barua na maombi ya kazi, kwa mwandiko ulioinama vizuri kama majani ya mpunga, na hakukubali kuharakishwa. Aliandika polepole, ulimi umetoka kidogo, kama mtu anayechora kila herufi kwa kuigiza. Nilistaajabu: karani wa miaka yote hiyo, bado kalamu inamtoa jasho.

Kanisani hakukosa, na kwaya aliidharau. Alikaa benchi la mwisho, mgongo umegusa ukuta, ili asiwepo mtu nyuma yake. Kwaya ikimaliza, watu wakipiga makofi, yeye alikunja mikono. "Wanaimba kama watu waliokodishwa," aliniambia. Lakini niliyaona mabega yake wakati wa wimbo. Mabega yalikuwa na imani tofauti.

Na kuna siku ya kikombe. Alikuwa akipangusa rafu, kimoja kati ya vile vikombe vya mkewe kikateleza. Karani alikidaka hewani kwa mkono wa kushoto, haraka kama mtu wa nusu ya umri wake. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alikihamishia mkono wa kulia, taratibu, ndipo akakirudisha kabatini. Alinitazama kuona kama nimeona. Nikajifanya natazama barabarani. Moyoni niliweka alama: huyu mzee ana kitu anakificha, na kiko mkononi.

Aliniita msanii, lakini alivyolitamka neno lile unaweza kudhani ni ugonjwa. "Karibu, msanii. Umekuja kuchukua nini leo?"

"Nimekuja kukusalimia, Mzee."

"Salamu zina miguu. Zimekuja, zitarudi. Wewe umekuja kuchukua nini?"

Nilicheka. Kisha nikayaondoa macho kabatini.

*

Nilipohamia mtaa wa Huruma, chumba cha ghorofa ya juu, nilianza kurekodi albamu yangu ya kwanza kwa Oti. Oti ni rika langu. Alikuwa amegeuza chumba cha kulala kuwa studio kwa kusimamisha magodoro ukutani, na tulirekodi pale watoto wanapokuwa shule na kinyozi wa chini hajafungua muziki. Ilikuwa sauti yangu na gitaa tu. Hakukuwa na ngoma wala kinanda, kwa hiyo hakukuwa na pa kujificha. Wimbo mmoja niliweza kuurudia hadi mwanga ukahama kutoka dirisha moja hadi lingine.

"Manze, wimbo uko sawa tangu asubuhi," Oti aliniambia. "Ni wewe hauko sawa."

Tulipofika kwenye wimbo ambao ungefungua albamu, ule uliojengwa wote juu ya dole gumba, Oti alivua vile vya masikioni akageuza kiti.

"Hii besi inaongea. Umeitoa wapi?"

Nilisema nimejifundisha.

"Hapana, manze, hii mtu hajifundishi. Sijawahi kuiskia kwa mtu. Nani alikuonyesha?"

"Hakuna aliyenionyesha," nikasema, na kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Albamu ikaisha. Picha ya jalada ikapigwa juu ya paa, mimi na matangi ya maji. Ikabaki Oti kuandika nani alifanya nini, na mbele ya neno "gitaa" akaniuliza aandike jina gani. Nilimwambia aache wazi kwanza. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Oti alipiga simu, akaja mlangoni, akatuma ujumbe wenye alama za kuuliza peke yake. Sikuweza. Kila niliposikiliza zile nyimbo nilikiona kioo cha kabati na mikono ndani yake. Kama mikono ile ilikuwa ndiyo muziki, basi mimi ndiye rafiki wa mbele kabisa ukumbini, dereva au binamu au askari, na mzee alikuwa amenitambua tangu siku ya kwanza. Albamu isingetoka. Nilikuwa tayari kuifuta. Nilijua hata nitasema nini: kwamba sauti haikuwa safi.

Ndipo Mama Sophy akapiga simu.

"Karani anahama, anarudi nyumbani magharibi. Njoo mapema. Kila mtu amemwambia siku yake, mimi ameniambia Alhamisi, mchungaji ameambiwa mwezi ujao, na vitu vimeshaanza kuondoka."

*

Nilifika Jericho adhuhuri. Mama Sophy aliinua kitambaa cha ndoo bila kunisalimia, akisubiri simu. Nikamwambia leo naingia nayo, ina kitu ambacho lazima Karani akisikie. Sauti ikatoka ndani:

"Simu inabaki nje!"

"Mzee, albamu yangu iko ndani ya simu."

"Basi na albamu ibaki nje."

Mama Sophy alitutazama, mimi nje na yeye ndani, akapangusa mikono kwenye leso. "Nyinyi wawili mtaniua. Leta hapa." Akaichukua simu, akazunguka hadi dirishani, akaishika nje ya vyuma. "Iko nje. Sauti inaingia. Kuna mtu ana neno?"

Nikaingia.

Chumba kilikuwa kimekuwa kikubwa kwa namna ya kuogofya. Kiti cha mgongo mrefu kilikuwa kimetangulia na lori. Kabati pia. Mahali pake ukuta ulikuwa na rangi safi, mstatili mzima wa kijani ambacho sehemu nyingine za chumba zilikuwa zimekisahau. Karani alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, gitaa limelala kitandani. Kiti cha plastiki kilikuwa palepale mlangoni. Nikakaa.

Mama Sophy akabonyeza. Wimbo wa kwanza ukaingia kupitia dirishani, dole gumba likitembea chini, nyuzi nyembamba zikinong'ona juu, kisha sauti yangu. Karani alisikiliza akiangalia sakafu. Sikuweza kuyasoma mabega yake. Kwa mbele sikuwa nimezoea kuyasoma.

"Anayepiga gitaa ni nani?" aliuliza ulipoisha.

"Ni mimi."

"Nani amekufundisha?"

Nilikuwa nimeshalipanga jibu hili njia nzima kutoka Huruma, kwa adabu, kwa shukrani, kwa maelezo. Likatoka neno moja. "Wewe."

"Mimi?" Akainua uso. "Mimi sijawahi kupiga hivyo. Wewe wimbo umeushusha wote chini. Umempa dole gumba aimbe kwenye nyuzi nene kama ng'ombe. Nani anafanya hivyo?"

"Wewe ndiye unafanya, Mzee. Nimekuona."

"Umeniona wapi?"

Mama Sophy alisogeza uso kwenye vyuma vya dirisha asipitwe. Nikanyoosha mkono kuelekea ule mstatili wa kijani. "Kwenye kabati. Kwenye kioo. Siku zote."

Karani aligeuka akautazama ukuta mtupu. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kicheko kilichoanza kama kikohozi.

"Kumbe! Mimi nilidhani ni vikombe."

"Vikombe?"

"Macho hayatoki kabatini. Nikajua, huyu mtoto anavitaka vikombe vya marehemu. Kila ulipoondoka nilikuwa nikivihesabu."

"Alivihesabu kweli," Mama Sophy akasema kutoka dirishani. "Na mimi aliniuliza kama umetoka na mfuko."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilisema tu, "Basi nionyeshe. Kama sivyo unavyopiga, nionyeshe unavyopiga. Nina albamu nzima ambayo siwezi kuitoa mpaka nijue ni ya nani."

Alilichukua gitaa. Alitafuta kiti cha kugeuza, hakikuwepo. Angeweza kugeuka na kreti lake, niliona akilifikiria. Kisha akaacha. Alilikaza uzi baada ya uzi, akalipakata, akanitazama usoni.

Shingo ya gitaa ilienda upande usio wake.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nikikiona. Mkono wa kulia ndio uliokuwa umekamata shingo, na wa kushoto ndio uliokuwa kwenye nyuzi. Gitaa lilikuwa limepinduliwa. Nyuzi nyembamba zilikuwa juu, karibu na kidevu chake, na nene zikawa chini, karibu na paja. Akaanza kupiga. Dole gumba likatembea, kama siku zote, likaimba, kama siku zote, na lilikuwa likiimba kwenye nyuzi nyembamba. Vile vidole vilivyorudia kitu kimoja ndivyo vilivyokuwa vikishika besi. Kile kioo kilikuwa kimenigeuzia mkono wa kushoto ukawa wa kulia, nami nikaondoka na mikono ya mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye chumba kile.

Niliiona mbao iliyoliwa. Ilikuwa pale hasa mkono wake ulipopita.

Alipomaliza alilalia gitaa kidogo. "Shuleni waliuchapa huu mkono mpaka ukaacha kuandika," alisema. "Nyumbani ukaacha kula. Kanisani ukaacha kusalimia, maana mtu wa kushoto kwetu walimwona ana jambo. Kila kitu nikakihamishia huku." Akauinua wa kulia, mkono wa barua na mwandiko mzuri, akautazama kama mgeni aliyekaa sana. "Lakini gitaa shuleni hawakuwa nalo."

Mama Sophy aliegemea vyuma vya dirisha. Simu ilikuwa imeshuka mkononi mwake.

"Na yule rafiki aliyekuibia?" nikauliza. "Wa ukumbini?"

"Yupi?"

"Dereva. Au binamu."

"Aah, yule," Karani akasema, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye gitaa. Hadi leo sijui.

Kisha akanipa gitaa. Nilisubiri azilegeze nyuzi, hakuzilegeza. Nililigeuza likae kwangu, nikapitisha dole gumba kutoka juu hadi chini, polepole, kuikamata ile siri hatimaye. Nyuzi zilikuwa zimefungwa kama zangu, na kama za kila mtu aliyewahi kunifundisha kupitia simu.

"Mzee, hizi zimefungwa kawaida."

"Ulitaka zifungwe vipi?"

"Sasa kwa nini ulikuwa ukizilegeza?"

Alinishangaa. "Ukiacha nyuzi zimekaza, zinavuta shingo. Gitaa linapinda. Wewe lako huzilegezi?"

Nilikiri kwamba huwa sizilegezi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, na nadhani pale ndipo aliponiona kweli nimejifundisha peke yangu.

"Haya, msanii," akasema. "Huo wa ng'ombe. Upige nikiwa hapa, usiletwe na dirisha."

Nikajiweka sawa. Nilipoinua macho nilimkuta anaburuta kreti. Alilizungusha lote, pembe zikigonga sakafu, mpaka akawa ametazama ukuta, na mimi nikawa nimebaki na kisogo na kola iliyogeuzwa.

"Nisione vidole," alisema akiwa amenipa mgongo. "Nisije nikachukua."

Mama Sophy akacheka kutoka dirishani. Mimi sikucheka. Kabla ya kupiga sauti ya kwanza niliinama kidogo kwenye kiti changu cha plastiki, nikaukagua ule ukuta wa kijani mbele yake, kona hadi kona, nikihakikisha kwamba hakuna kitu kinachong'aa. Hapakuwa na kitu. Ndipo nikaanza.